Habari za Kampala Katika Miji Mitatu

Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Msemo huu ulitungwa kwa ajili ya ngozi na mzinga, lakini wafaa pia kwa wino na karatasi. Jeshi linapoipindua serikali ya nchi moja, magazeti ya nchi nyingine hujaa kauli za mataifa: nani amelaani, nani amenyamaza, nani ametoa mkono wa heri. Msomaji hudhani kuwa anasoma habari za nchi iliyopinduliwa. Aghalabu anasoma habari za wale wanaoitazama. Jambo hili lilidhihirika katika mapinduzi ya Uganda ya mwaka 1971, na ingawa zaidi ya miaka hamsini imekwisha kupita, funzo lake halijachakaa.

Siku ya Jumatatu, tarehe 25 Januari 1971, Redio Uganda ilitangaza kuwa jeshi limetwaa madaraka. Askari aliyesoma tangazo alitaja sababu 18 za kumwondoa Rais Milton Obote, na mkuu mpya wa nchi akawa Jenerali Idi Amin. Obote mwenyewe alikuwa safarini akirejea kutoka Singapore, katika mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola. Huko yeye, pamoja na Rais Nyerere na Rais Kaunda, walikuwa wamempinga Waziri Mkuu wa Uingereza, Edward Heath, juu ya azma yake ya kuiuzia silaha Afrika Kusini ya makaburu. Aliposhuka Nairobi alikuwa hana tena mahali pa kurudi. Hakukaa, alikwenda Dar es Salaam.

Katika London habari hii haikupokewa kwa huzuni. Wahariri wengi walikuwa wakimjua Obote kwa mambo mawili: ukali wake Singapore, na tangazo lake la tarehe 1 Mei 1970 kuwa dola itatwaa asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa. Amin walimjua kwa jambo jingine: alikuwa askari wa King's African Rifles, aliyelelewa kijeshi na maofisa wa Kiingereza. Kwa macho hayo, aliyetoka alikuwa mtu wa taabu na aliyeingia mtu wa kuzoeleka. Zaidi ya hayo, palikuwa na umati uliokuwa ukishangilia katika njia za Kampala. Shangwe ile haikuwa uzushi. Waganda walikuwa hawajasahau mwaka 1966, jeshi lilipoishambulia ikulu ya Mengo na Kabaka Mutesa akakimbilia uhamishoni, alikofia mwaka 1969. Tarehe 5 Februari, siku kumi na moja baada ya tangazo la redio, Uingereza iliitambua serikali ya Amin.

Katika Dar es Salaam tukio lile lile lilivaa nguo nyingine. Gazeti la The Standard lilikuwa mali ya umma tangu mwaka 1970, na Uhuru na The Nationalist yalikuwa ya chama cha TANU. Serikali ilikataa kumtambua Amin, ikasema kuwa Rais halali wa Uganda ni Obote. Zambia, Somalia na Guinea nazo zilionyesha kuchukizwa. Waandishi wa Kiswahili walikuwa na mtihani wao wa peke yake. Neno mapinduzi lilikuwa limekwisha kupata heshima kwa ajili ya Zanzibar, tarehe 12 Januari 1964. Aliyeandika mapinduzi aliazima heshima ile akampa jenerali. Aliyeandika uasi alikuwa amekwisha kuhukumu. Hukumu ile ilikuwa na nguzo imara, kwa maana bunduki haikuchaguliwa na mtu. Walakini, mtu aliyesoma kauli za lawama peke yake asingeweza kufahamu kwa nini watu wa Kampala waliimba.

Nairobi ilisimama katikati. Serikali ya Kenya haikulaani, wala haikupiga vigelegele. Mizigo ya Uganda ilipita Mombasa na kupanda reli. Nchi tatu zilikuwa zimefungwa pamoja na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967. Na kidonda cha vibarua wa Kenya waliofukuzwa Uganda na serikali ya Obote mwaka 1970 kilikuwa bado kibichi. Jirani mwenye duka huuliza kwanza kama njia iko wazi, ndipo aulize nani ameketi kitini.

Neno lililoleta tatizo kuliko yote lilikuwa kutambua. Kwa desturi ya Uingereza ya siku zile, kuitambua serikali mpya kulikuwa ni kukiri kuwa imeishika nchi, hakukuwa kuisifu. Tanzania ilitumia neno hilo hilo kwa maana ya kuridhia. Mmoja alipima nguvu, mwingine alipima haki. Kuyaweka majibu yao bega kwa bega bila ya kueleza tofauti hii ni sawa na kulinganisha pishi na dhiraa. Kosa hili la kudhani kuwa kutambua ni kubariki lilienea hata Uingereza ikaiacha desturi yenyewe mwaka 1980.

Wakati miji hii mitatu ikishindana kwa kauli, mambo mengine yalikuwa yakitendeka kambini. Askari wa Kiacholi na wa Kilango, waliodhaniwa kuwa watu wa Obote, waliuawa kwa wingi. Habari zao zilikuwa minong'ono. Mwezi Julai 1971 Wamarekani wawili, Nicholas Stroh, mwandishi wa habari, na Robert Siedle, mhadhiri wa Makerere, walikwenda Mbarara kuulizia mauaji katika kambi ya huko. Hawakurudi. Jaji David Jeffreys Jones, aliyeongoza uchunguzi, aliona kuwa waliuawa na wanajeshi. Katika mwezi ule ule wa Julai, Amin alikuwa mgeni wa London, akapokewa na Waziri Mkuu na Malkia. Kauli za mataifa zilichapwa bila ya hatari kwa aliyezichapa. Swali moja lililoulizwa penyewe liligharimu roho mbili.

Kisha upepo uligeuka. Mwezi Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, wengi wao wakiwa na pasi za Uingereza, na magazeti ya London yalimwona kuwa ni dhalimu. Dhuluma ilikuwapo tangu hapo. Kilichobadilika ni mlango iliobisha. Dar es Salaam ilikuwa imemjua Amin mapema zaidi, na heshima hiyo ni yake kwa haki. Lakini rafiki naye ana upofu wake. Obote alirudi madarakani mwaka 1980, na katika vita vya Luwero raia wengi walikufa chini ya serikali yake, mpaka jeshi lake lilipompindua tena tarehe 27 Julai 1985. Aliyekuwa sahihi juu ya mwuaji mmoja hakuwa kwa sababu hiyo sahihi juu ya aliyemtangulia.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Magazeti ya miji mitatu yalieleza vizuri kitanda kilivyoonekana kutoka dirishani, kila moja kwa dirisha lake. Mwanafunzi anayesoma leo juu ya mapinduzi ya nchi yoyote hana budi kuyakusanya yote, maana kila mmoja huacha pengo ambalo mwenzake hulionyesha. Na baada ya kuhesabu mataifa yaliyolaani na yaliyobariki, atafute ukurasa wenye jina la mtu aliyekuwa kambini usiku ule. Asipouona, ajue kuwa habari yenyewe haijaandikwa bado.