Upepo Haungoji Harusi



Najua mmezoea kunisoma nikiandika juu ya udi, singo na namna ya kukaa na mama mkwe. Leo nataka tuzungumze upepo. Wengi wetu hapa Unguja tumekua tukiambiwa kimbunga ni mambo ya Madagaska na Msumbiji, sisi letu ni masika tu, maji yaingie uani, tuyafagie, basi. Ni kweli tuko karibu na mstari wa ikweta, na huku vimbunga huja kwa nadra. Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipita juu ya kisiwa hiki, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuzamisha vyombo bandarini, hata jahazi na meli za Sultani Barghash. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na ndiyo sababu moja ya karafuu kuwa za Wapemba mpaka leo. Mwaka 2019, mwishoni mwa Aprili, ndugu zetu wa Ngazidja walipitiwa na Kenneth, siku chache tu kabla ya Ramadhani. Na Disemba 2024 Chido akaivunja Mayotte, na mitaa ya vibanda vya bati ikaangushwa kama karata.

Msimu wa vimbunga katika bahari yetu huanza Novemba na kumalizika Aprili. Mwezi Mei, mtu angesema, tumeshavuka. Hidaya hakujua hesabu hiyo.

(Jina zuri hilo, jamani. Nina wanafunzi wawili wa madrasa wanaitwa Hidaya na wote walikasirika.)

Ilikuwa Ijumaa tarehe 3 Mei 2024, mwezi wa mfunguo mosi, harusi zimejaa kila mtaa. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa aolewe kesho yake baada ya Alasiri. Hina imeshapakwa, piko imekolea mpaka viwiko, na bwana harusi yuko Dar es Salaam na wazee wake kumi na mmoja, wanangoja boti. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari, na boti zikasitishwa. Nyumba nzima ikageuka baraza la mawaziri. Mjomba akasema sheria inaruhusu: bwana harusi amweke wakala, ndoa ifungwe, mume atamkuta mkewe bahari ikitulia. Mama akasema watu wameshaalikwa. Wifi zangu wakasema mchele umeshachaguliwa. Kila mtu alikuwa na haki yake.

Aliyekata maneno ni bi harusi mwenyewe. Alisema anajua uwakala ni halali na hamlaumu anayeufanya, lakini yeye anataka mume wake akae mbele ya baba yake na ampe mkono. "Nimengoja miaka mitatu," akasema, "siku tatu ndio zitaniua?" Baba akanyamaza kidogo, kisha akatuma mtu akamwambie muuza ng'ombe asichinje. Katika mipango yote ya harusi ile, sijaona uamuzi uliokuwa na akili zaidi. Pesa ya ng'ombe mzima ingeoza kwenye friji isiyokuwa na umeme.

Usiku ule tulilala wanawake kumi na wanne na watoto kwenye chumba cha kati, kisicho na dirisha. Bibi, mwenye presha, alikataa katakata kutoka kwenye chumba chake cha makuti nyuma. Hatukumbishia. Mama alikwenda akamwambia bi harusi anaogopa, anataka kulala na bibi yake. Akaja mwenyewe na mto wake. Karibu na alfajiri tawi la mwembe likaangukia banda la kupikia, likalilaza chini. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Lakini shangazi yetu aliyeolewa Kilindoni hatukumpata kwenye simu hata Jumapili jioni. Hidaya aliingia nchi kavu huko Mafia. Nyumba yake ilibaki kuta, paa lilikwenda shamba la jirani. Yeye na wajukuu walikuwa wameshahamia skuli tangu mchana, kwa sababu alisikiliza redio, hakusikiliza sauti za kwenye WhatsApp zilizokuwa zikisema "ni upepo tu".

Ndoa ilifungwa Jumanne. Hina ilikuwa imepauka kidogo.

Tangu hapo kila mwaka, ikifika Oktoba, mie hufanya mambo yangu. Kwanza namwita mkwezi aangushe nazi zote zilizokomaa na kukata makuti makavu, kwa sababu nazi ikirushwa na upepo haiulizi jina. Matawi ya mwembe yanayoegemea paa nayo yakatwe kiangazi, si siku ya upepo. Kisha fundi apande juu atazame bati. Bati huanza kung'oka pembeni, mahali ambapo misumari imelegea au imekula kutu, na upepo ukishapata pa kuingiza mkono chini yake, huchukua lote. Misumari michache mipya ni bei ya mtandio mmoja. Viti vya plastiki, ndoo na vipande vya bati vilivyobaki uani viingizwe ndani tahadhari ikitoka.

Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliolala chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Waliokuwa watu wazima mwaka 2008 wanakumbuka mwezi mzima wa giza, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Haikuwa kimbunga, lakini ilitufunza: umeme ukikatika na mabomba hukauka, kwa kuwa pampu hazifanyi kazi. Kwa hiyo jaza madumu mapema. Maji ya kisima baada ya mafuriko yachemshe, hata kama mama yako ameyanywa miaka hamsini, kwa sababu maji ya vyoo yanapanda pamoja na maji ya mvua. Weka tende, ng'onda, unga, mkaa mkavu ndani ya ndoo yenye kifuniko, na dawa za wazee za wiki mbili.

Bi harusi, wewe nina maneno yako pekee. Usiweke kabati jipya na godoro la mahari chini kwenye chumba kilicho mabondeni; wenyeji wa Mwanakwerekwe hawahitaji kuambiwa. Cheti cha ndoa kipige picha, kisha kitie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Dhahabu yako usiiache kwenye droo, ifunge kiunoni ndani ya nguo. Buibui na mtandio vitundike karibu na mlango, na pedi zako mfukoni. Lakini nyumba ikianza kuanguka, toka ulivyo. Usirudi kutafuta ushungi. Kanga moja inatosha, na roho ni amana.

Na usiutukane upepo. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, ametukataza hilo, na ametufundisha kumuomba Allah kheri yake na kujikinga na shari yake. Usiku wa mvua na upepo mkali muadhini alikuwa akiwaambia watu waswali majumbani mwao, basi usimkasirikie mumeo akibaki nyumbani, na yeye asione haya. Aliye katika hedhi haswali, lakini dua na dhikri hakuna aliyemzuilia, na watoto hutulia wakisikia sauti ya mama yao. Waambie pia kwamba upepo ukikatika ghafla katikati ya kimbunga huenda ni jicho lake linapita. Wasikimbilie nje kuokota maembe, kwa sababu utarudi kutoka upande wa pili.

Jambo la mwisho, na hili ulizeni kabla hamjaolewa, pamoja na yale mengine mnayouliza: tahadhari ikitoka na mume yuko kazini au baharini, nani atakwenda kumchukua mama mkwe, na kwa chombo gani? Mdogo wangu na mumewe waliliandika jibu kwenye karatasi, wakaibandika nyuma ya mlango wa jiko. Jina la kwanza kwenye karatasi ile ni la jirani mwenye bajaji, na namba yake ya simu imeandikwa kwa wino usiofutika na maji.