Unga wa Madirisha

Unga ule ulikuwa wa madirisha. Mwaka 2003, katika karakana moja ya alumini upande wa Changamwe, mvuvi wa makamo alisimama mlangoni akiwatazama vijana wakinyunyizia fremu unga mkavu mwekundu, kisha wakazisukuma ndani ya tanuri. Zilipotoka, unga haukuonekana tena. Palikuwa na ngozi nyororo inayong'aa, imeshika alumini kama iliyozaliwa nayo. Mvuvi akatia mkono mfukoni, akatoa kichwa cha chambo cha madini ya risasi, chenye ndoana, rangi yake imebanduka nusu nzima, akauliza kama nacho kingepakika.

"Mzee, tanuri letu linafika nyuzi mia mbili," akajibiwa. "Kikistahimili, kinapakika."

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Alirudi nyumbani na mfuko wa unga uliobaki sakafuni, na riziki yake ikageuka tangu siku hiyo.

Anayesimuliwa katika habari hii na msimulizi wake ni mtu mmoja. Amechagua kujiita "yeye" kwa kuwa yule kijana aliyeshika risasi kwa mikono mitupu na kula mkate bila kunawa amekuwa mbali naye mno. Akimkumbuka, humwona kama mtoto wa jirani anayecheza karibu na kisima kisichofunikwa.

Alikulia Mtongwe, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, kwa ami yake aliyekuwa mvuvi wa mshipi. Mlangobahari wa Kilindini una mkondo mkali, na siku za bamvua chubwi nyepesi hupeperuka kabla haijagusa chini. Mvuvi anahitaji kitu kidogo chenye uzito mkubwa, ili maji yasipate pa kukisukumia. Ujazo wa kidole gumba wa chuma huzidiwa mbali na ule wa risasi: sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu zisizofika 8, ya risasi ina 11.3. Ndiyo maana wavuvi wakaing'ang'ania risasi, ingawa mawe, nati na plagi za pikipiki huokotwa bure.

Ami alisubu chubwi zake kwa kalibu ya mbao ngumu iliyochongwa pande mbili na kufungwa waya. Risasi aliipata kwenye ganda la nyaya nzee za bandarini, kwenye vizani vya kusawazisha magurudumu ya magari, na zaidi kwenye betri zilizokufa. Betri alizivunja kwa nyundo chini ya mnazi. Asidi ikamwagwa mchangani, na mtoto akatumwa kuokota bamba za kijivu na kuzitia sufuriani. Hakuna aliyemwambia ami kwamba bamba zile hubeba unga wa risasi ulio mbaya kuliko risasi yenyewe, kwa kuwa huingia kucha, nguo na chakula. Ami alimpenda mtoto yule, na alimfundisha kila alichokijua.

Asubuhi moja ya masika ya 1981 kijana huyo alitia sufuriani kipande cha risasi kilicholala nje usiku. Kilikuwa na unyevu usioonekana. Maji yakizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuvimba zaidi ya mara elfu moja na nusu. Sufuria ilipiga kishindo, matone yakaruka hadi kwenye makuti ya paa, na mkono wake wa kulia ukabaki na madoa meupe saba kuanzia kiwiko hadi kifundo. Tangu hapo hajatia kipande kipya kwenye risasi ya moto. Huanza na chungu baridi, na vyote hupashwa pamoja tangu mwanzo.

Mwaka 1988 alipata kazi ya ubaharia kwenye mashua za wavuvi wa burudani huko Watamu. Msimu wa kaskazi wageni walikuja kutafuta sulisuli, jodari na nguru, nao walikuwa na masanduku ya vyambo bandia vya kila rangi. Mgeni mmoja alipoondoka alimwachia bakshishi ambayo bado anaitumia: kalibu ya alumini yenye nafasi sita za vichwa vya ndoana.

Kusubu kichwa cha ndoana kuna adabu yake. Chubwi haina uso, hata ikitoka na mikunjo itazama. Kichwa kina jicho, shingo, na ukingo wa kuzuia manyoya yasichomoke, na ndoana isipokaa katikati, chambo hulala ubavu kinapovutwa na samaki hukitilia shaka. Alijifunza kuifukiza kalibu kwa masizi ya mshumaa ili risasi iteleze mpaka pembeni. Alijifunza kuipasha kwanza, maana kalibu baridi huigandisha risasi njiani, na vichwa vya kwanza vitano au sita kuvirudisha chunguni bila kuvionea huruma. Uso wa risasi humeta kama kioo, kisha huvaa utando wa kijivu. Utando huo hutupiwa kipande cha mshumaa, ukakorogwa, na taka ikachotwa.

Vizani vya magurudumu vilimpa somo lililomgharimu wiki nzima. Baadhi yake ni vya zinki, na kwa macho vinafanana na vya risasi. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419. Moto ukitunzwa kati ya namba hiyo na ile 327 ya risasi, zinki huelea juu kama kifuu majini, ikaondolewa kwa upawa. Moto ukipanda, zinki huingia ndani na chungu chote huwa kama uji ulioganda, hakijazi tena kalibu. Alimwaga kilo tisa zilizoharibika ndipo akanunua kipimajoto.

Kilichomsumbua miaka yote hiyo ni rangi. Alipaka rangi ya mafuta, ileile ya mashua. Ilichukua siku mbili kukauka na mvuto mmoja juu ya mwamba kubanduka, na manahodha wa Watamu walirudisha vichwa vikiwa uchi. Unga wa madirisha uliyamaliza hayo. Hauna kiyeyushi wala haukauki: ni chembe za utomvu wa kiwandani, kigumishi na rangi, ambazo huyeyuka juu ya kitu cha moto, zikaungana, na zikishaokwa haziyeyuki tena.

Lakini kukipaka kichwa chenye gramu ishirini kulidai mkono wake mwenyewe. Karakana hunyunyiza kwa bunduki ya umeme. Yeye alikuwa na jiko. Alipochovya kichwa moto ndani ya kopo, unga ulishikamana upande mmoja kama ugali kwenye mwiko. Aliyemfungua macho ni muuza samaki wa mapambo mjini, aliyemwonyesha pampu ndogo ya kupuliza hewa kwenye tangi la kioo. Alikata kipande cha bomba la plastiki, akakitia sakafu ya kitambaa kizito, akapitisha hewa kutoka chini. Unga ukavimba, ukaanza kutokota bila moto, laini kama maji. Kichwa kilichopashwa kikipitishwa humo kwa nukta moja, hesabu ya "bismillahi" isiyomalizwa, hutoka kimevaa sawasawa. Kikiwa na moto mno, rangi huchuruzika na kuacha tone puani. Kikiwa na moto haba, unga hukaa kama vumbi la bara. Tundu la kupitishia mshipi huzibuliwa kwa sindano rangi ikiwa bado laini, kwa sababu ikishaokwa mtu atavunja sindano kumi. Kisha vichwa huning'inizwa kwa ndoana zao kwenye waya ndani ya oveni kwa robo saa. Oveni hiyo aliinunua kuukuu na kuiandika SUMU mlangoni, isije ikaokewa mkate hata siku moja. Mwisho, macho huchorwa kwa kichwa cha msumari na rangi ya kucha, na shingoni hufungwa manyoya ya jogoo.

Wateja walipenda wekundu. Yeye aliwaambia ukweli, kwamba wekundu ndio rangi ya kwanza kumezwa na bahari, na mita kumi tu chini hubaki kama kahawia iliyofifia. Kwa nguru wa juu aliwauzia vyekundu kwa moyo mweupe. Kwa tewa na kolekole wa kina aliwapa vyeupe na vya buluu.

Karakana ile ya madirisha haiko mbali na Owino Uhuru, mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Watoto wa hapo waliugua na mimba ziliharibika. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo na mwanawe akapatwa na sumu ya risasi, alisimama na majirani zake hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu.

Yeye alianza kuzisikia habari za kiwanda hicho redioni kabla ya hukumu hiyo, kalibu mkononi. Alichosikia kuhusu bamba za betri ndicho alichokuwa akikifanya chini ya mnazi. Alikwenda kupimwa damu, na risasi ikaonekana imezidi. Daktari alimweleza kwamba kwa mtoto hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kutoka siku ile betri hazikuingia tena uani kwake. Banda la kusubia lilihamishiwa mbali na nyumba, likawa na barakoa, viatu visivyovuka kizingiti na beseni la sabuni. Kila kichwa alikipaka unga mpaka shingoni, mnunuzi asishike risasi tupu.

Amejaribu pia kuiacha risasi. Uingereza ilipiga marufuku chubwi ndogo za risasi mwaka 1987, kwa kuwa bata-maji wakubwa walizimeza wakadhani ni changarawe. Alisubu kwa bati: linajaza kalibu vizuri sana na linang'aa, ila kichwa cha uzito uleule hunenepa kwa zaidi ya nusu, na huyeyuka kwa nyuzi 232, karibu mno na moto wa oveni yake. Tena bei ya bati huishinda ya risasi mara nyingi, na mvuvi wa ngalawa hawezi kuibeba. Vichwa vidogo vya gramu kumi sasa ni vya bati. Vikubwa bado ni vya risasi, na hilo linamkosesha raha.

Mwaka 2016 alivuka kivuko kurudi Mtongwe. Mnazi ulikuwa umeanguka zamani na uwanja umekuwa wa kuchezea wajukuu wa ami. Aliwaeleza wenye nyumba kilichowahi kumwagwa pale. Wakachota mchanga wa juu pamoja naye, wakaufunga magunia, kisha wakamimina zege mahali pote. Zege lilipokauka, watoto walilichora mkaa, wakapanga miraba ya kurukia mguu mmoja.