Programu moja, wenyewe wengi: kwa nini jina la mtu halifutwi

Katika redio nyingi za jamii, sauti hukatwa na kuunganishwa kwa programu ya Audacity. Hailipiwi. Mtu huitoa kwenye kompyuta moja, akaipeleka kwa mwenzake ndani ya flashi. Kwa hiyo wengi hudhani haina mwenyewe. Kumbe ina wenyewe wengi, na kila mmoja aliacha neno lake.

Audacity ilianza mwaka 1999 katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Faili zake nyingi zina leseni ya GPL, toleo la 2 au la baadaye. Sehemu ya VST3, iliyoongezwa miaka ya karibuni, ilikuja na GPL toleo la 3. Kitabu cha maelezo kina leseni nyingine, CC BY. Tena kuna folda nzima ya kazi za watu wengine, kila moja na masharti yake.

Nani anayapanga hayo yote? Ni mtunzaji wa kifurushi. Katika Debian, mradi ulioanza mwaka 1993, mtunzaji husoma maneno yaliyo juu ya kila faili, kisha huandika katika faili ya copyright: hii ni ya nani, leseni yake ipi. Kifurushi kipya hukaguliwa. Kikikosa jina au leseni, kinaweza kurudishwa.

Ni kazi ya kuchosha, na kishawishi kipo: kufuta yote na kuweka tangazo moja juu. Lakini mtunzaji hana ruhusa hiyo. Leseni za MIT na BSD zinaruhusu karibu kila kitu, ila zinadai jina la mwenyewe na maneno ya leseni yabaki. GPL inadai anayegawa programu atoe pia msimbo wake, kwa masharti yale yale. Na maneno machache yanaweza kubadili mambo. Msimbo wa Apache 2.0 unaweza kuunganishwa na GPL 3, lakini si na GPL 2 peke yake. Ni yale maneno "au la baadaye" yanayofungua mlango.

Mwaka 2006 mlango ulifungwa. Cdrtools, programu za kuandika CD, zilikuwa na sehemu za leseni ya CDDL na sehemu za GPL. Watu wa Debian waliona hawawezi kuzigawa pamoja. Mwandishi wake alikataa hoja hiyo. Wakachukua msimbo wa zamani, wakaanzisha cdrkit. Watumiaji wakajikuta na programu nyingine.

Wenye kuishi kambini wanalielewa jambo hili bila kusoma kompyuta. Jina likifutwa kwenye orodha ya mgao, mwenye haki anabaki mikono mitupu. Kamyo hubeba mifuko ya watu ishirini, na dereva haruhusiwi kufuta majina yao ili aandike lake. Mali bila daftari huisha bila habari.

Basi anayempa mwenzake programu, ampe pamoja na faili zinazoitwa LICENSE, COPYING au NOTICE. Ni ndogo, hazijazi flashi. Ndizo zinazomhakikishia anayepokea kwamba naye anaweza kuitumia na kuigawa bila woga.