Mafuta ya Ndege ni Mafuta Gani?

Binamu yangu anayesomea umakanika wa ndege aliniomba nimsaidie kutafsiri maelezo mafupi ya kujaza mafuta katika ndege ndogo. Mimi ni mtu wa fasihi, nimezoea vina na mizani, lakini nilikubali. Tulikwama kwenye maneno matatu ya kwanza: mafuta ya ndege.

Ndege ndogo nyingi zenye rafadha hutumia petroli maalum, iliyotiwa madini ya risasi na rangi ya buluu. Ndege kubwa hutumia mafuta ya jeti, ambayo ni jamaa ya karibu ya mafuta ya taa yale yale tuliyosomea kwa koroboi. Katika mazungumzo ya kila siku yote mawili huitwa mafuta ya ndege.

Injini ya dizeli imeutatiza mambo huu zaidi. Dizeli ni jina la mtu, Mjerumani Rudolf Diesel, aliyebuni injini isiyohitaji cheche: hewa hushindiliwa hadi ipate joto la kuyawasha mafuta. Kwa hivyo injini ya dizeli ya angani aghalabu hainywi dizeli ya malori, bali mafuta ya jeti. Wazo hilo ni kongwe. Kampuni ya Packard ya Marekani ilirusha ndege ya dizeli mwaka 1928. Kenya iliacha petroli ya magari yenye risasi mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Petroli ya ndege kwa sehemu kubwa ingali nayo. Tena ni adimu, hali mafuta ya jeti hupatikana panapotua ndege kubwa. Ningekuwa na ndege (karo ya shahada hii hairuhusu), ningechagua dizeli, ijapokuwa injini yake ni nzito na ghali.

Oktoba 2019, huko Kokomo, Indiana, ndege aina ya Piper Aerostar yenye injini za petroli ilijazwa mafuta ya jeti. Ilianguka, rubani akafa. Mhudumu alieleza kuwa alimwuliza mara mbili kama alitaka mafuta ya jeti.

Tuliandika basi "petroli ya ndege" na "mafuta ya jeti". Mhadhiri wangu mmoja angependelea "mafuta ya taa ya ndege", kwa kuwa ni Kiswahili zaidi. Simwafiki. Kando ya mdomo wa tangi huandikwa JET, na anayejaza mafuta alfajiri anahitaji kulikuta neno lilo hilo kwenye karatasi aliyoishika.