Oberammergau: Kijiji Kilichojifunza Kuwatazama Wayahudi Upya

Ndugu msomaji, ukitaka kwenda Oberammergau, panda gari moshi katika mji wa Munich, kusini ya Ujerumani, ushuke Murnau, kisha ushike gari moshi dogo linalopita polepole katikati ya malisho mpaka mwisho wa njia. Hapo utaona mlima uitwao Kofel, wenye msalaba kileleni, na chini yake kijiji cha watu wapatao 5,000. Kuta za nyumba nyingi zimepambwa picha kwa nje: watakatifu, habari za Biblia, hata hadithi za watoto. Tena kijiji kina sifa ya mafundi wa kuchonga sanamu za mti. Lakini wageni waendao kwa maelfu hawaendi kwa ajili ya picha wala sanamu. Wanakwenda kutazama Mchezo wa Mateso ya Bwana wetu Yezu Kristu.

Asili yake ni hii. Mwaka 1633, wakati wa vita na tauni, watu wengi wa kijiji walikufa. Waliobaki wakaweka nadhiri: Mungu akiwaokoa, wataigiza mateso ya Bwana kila baada ya miaka kumi. Wenyeji husimulia kwamba toka siku ile hakufa mtu tena kwa tauni. Mwaka 1634 wakacheza mara ya kwanza, na mpaka leo nadhiri inashikwa. Mchezaji hana budi awe amezaliwa pale, au amekaa pale miaka 20. Tangu Jumatano ya Majivu ya mwaka wa kutangulia, wanaume huacha kukata nywele na ndevu. Mchezo wenyewe huchukua muda wa saa tano hivi, na katikati watu huenda kula.

Sasa nikuambie jambo ambalo wageni wengi wa zamani hawakulifikiri. Kwa muda wa miaka mingi mchezo huu uliwaonyesha Wayahudi vibaya sana. Makuhani wa hekalu walivikwa kofia zenye umbo la pembe, kama shetani. Yuda alivaa manjano, rangi ambayo katika nchi nyingi za Ulaya Wayahudi walilazimishwa kuvaa ili watengwe. Wenye biashara hekaluni walionekana kama watu wasiojua kitu ila fedha. Pilato, mtawala Mrumi, alionyeshwa kama mtu mpole anayesukumwa tu. Na umati wote ulipiga kelele kwa sauti moja, kwamba damu ya Yezu iwe juu yao na juu ya watoto wao. Yezu mwenyewe, na mama yake, na mitume, walionekana kana kwamba si Wayahudi hata kidogo.

Basi fikiri, msomaji. Mtu ametoka mbali, hajapata kuonana na Myahudi hata mmoja maishani mwake. Ameketi tangu asubuhi hata jioni akitazama, akilia machozi ya kweli. Akarudi kwao akidhani amekwisha kuwajua Wayahudi.

Adolf Hitler alifika kutazama mwaka 1930, akarudi tena mwaka 1934, mchezo ulipotimiza miaka 300. Mwaka 1942, wakati mauaji yanaendelea, aliusifu mezani pake kwa jinsi ulivyowaonyesha Wayahudi. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa katika miaka ile. Hatusemi mchezo wa kijiji ndio uliowaua. Lakini wauaji walipokuja na magazeti yao na redio zao za chuki, waliwakuta watu wengi wamekwisha kufundishwa kumtazama Myahudi kama adui wa Mungu. Na waliowafundisha walikuwa Wakristo wenzao.

Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba kifo cha Yezu hakiwezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila ubaguzi, wala juu ya Wayahudi wa leo. Hata hivyo mchezo wa mwaka 1970 ulifuata maneno ya kale, na vyama vya Wayahudi wa Marekani viliwaomba watu wasiende.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa mkono wa kijana wa kijiji, Christian Stückl, fundi wa kuchonga, aliyeanza kuuongoza mchezo mwaka 1990. Wazee wengine walimpinga sana, wakisema urithi wa baba zao unaharibiwa. Yeye hakuiacha nadhiri. Aliisoma Injili upya, tena alikubali kuwasikiliza Wayahudi wenyewe. Kofia za pembe zikatupwa. Maneno ya laana ya damu yakatolewa. Pilato akawa mtawala mkali, kama alivyokuwa. Wachezaji walipelekwa Israeli kuona na kujifunza.

Mimi nilifika pamoja na mahujaji mwaka 2022, kwa kuwa mchezo wa 2020 uliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Nilimwona Yezu akiitwa Rabi. Nilimwona akiinua gombo la Torati, na umati wote ukaimba kwa Kiebrania sala ya kumkiri Mungu mmoja, ambayo Wayahudi huisali hata leo. Katika baraza la makuhani palikuwa na ugomvi: wengine walimshitaki, wengine walimtetea. Hawakuwa tena kundi moja la watu wabaya; walikuwa watu, kila mmoja na moyo wake. Na uchungu wa Msalaba haukupungua. Mimi naona uliongezeka, maana anayeteswa alionekana kuwa na taifa, na lugha, na jamaa wanaomlilia.

Je, jambo hili latuhusu sisi? Ndiyo. Kila Ijumaa Kuu vijana wetu huigiza Njia ya Msalaba. Tazama nani anaitwa "Myahudi" katika mchezo huo: mara nyingi ni yule mwenye sura ya kutisha tu, wala si Maria, wala Petro, wala Bwana mwenyewe. Tena wengi wetu tunadhani Wayahudi ni watu wa Biblia tu, au wa habari za vita katika redio na simu. Kumbe karibu na Mbale, katika nchi jirani ya Uganda, wako Waafrika waitwao Abayudaya, wanaolima mashamba yao, wanaoshika Sabato, na kusali kwa Kiebrania na kwa Kiganda.

Mchezo wa Oberammergau unatazamiwa tena mwaka 2030. Wengi wetu hatutaweza kwenda, maana nauli ni kubwa. Lakini Ijumaa Kuu huja kila mwaka, na mavazi ya mchezo tunayashona wenyewe. Enyi walimu na wazee wa kwaya, kabla ya kugawa sehemu, waambieni watoto kwamba wote waliosimama chini ya Msalaba wakilia walikuwa Wayahudi, na aliyetoa amri ya kusulibisha alikuwa Mrumi.