Bei na Sikio

Waswahili wana methali mbili ambazo zikikutanishwa hugombana. Moja husema, rahisi ghali. Ya pili husema, kipendacho moyo ni dawa. Ya kwanza humwonya mnunuzi asikimbilie bei ndogo. Ya pili humwachia kila mtu hukumu ya kile kimfaacho. Ugomvi huu huonekana katika mambo mengi, lakini ni machache yanayoudhihirisha kama hedifoni, yaani vyombo vya kusikilizia vivaliwavyo masikioni. Chombo hiki humtumikia mtu mmoja peke yake, na utamu wake hauna shahidi mwingine.

Mwaka 1984 kampuni ya Koss ya Marekani ilitoa hedifoni ziitwazo Porta Pro, nyepesi na za umbo la kawaida, ambazo hata leo huuzwa kwa bei isiyofika dola 100. Mwaka 2015 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitangaza hedifoni za HE 1, ambazo kikuza sauti chake kimewekwa ndani ya marumaru ya Carrara, kwa bei ya euro zipatazo 50,000. Tofauti ya bei hizi mbili yatosha kujenga nyumba. Je, yatosha pia kujenga furaha?

Bei ina haki yake, na asiyeikiri haki hiyo hasemi kweli. Hununua kazi ya mikono stadi, ngozi laini isiyochosha kichwa, sauti isiyokwaruza, na mara nyingi vipuri vya kutengenezea kilichoharibika. Walakini, mwaka 2017 mtaalamu Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kupima hedifoni 283, za bei ndogo na za bei kubwa. Alichunguza jinsi kila moja inavyogawa sauti nzito, za kati na nyembamba, akaona kwamba mgawanyo huo haufuatani na bei. Watafiti wengine huko Marekani, Sean Olive na Todd Welti, waliwasikilizisha watu bila ya kuwajulisha ni hedifoni gani wanayoisikiliza. Wengi walielekea mgawanyo wa namna moja. Lakini walikuwapo waliotaka besi zaidi, na waliotaka besi kidogo.

Sababu haiko mbali. Imo katika sikio lenyewe. Mabonde na matuta ya sikio la mtu hayalingani na ya mwenzake, na tundu la sikio hukuza zaidi sauti za mitetemo ipatayo 3,000 kwa sekunde, kwa kiasi kinachohitilafiana baina ya mtu na mtu. Umri nao huanza kuondoa sauti nyembamba kabla ya nyingine. Kwa hiyo watu wawili wakivaa hedifoni ile ile hawasikii kitu kile kile, na kila mmoja aweza kusema kweli huku akimpinga mwenziwe.

Hata kinachosikilizwa kina neno lake. Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo katika santuri. Mpenzi wa nyimbo hizo akivaa hedifoni kali zinazofichua kila kitu, husikia mkwaruzo wa sindano pamoja na sauti ya mwimbaji. Akivaa hedifoni za upole, mkwaruzo hurudi nyuma na mwimbaji husogea mbele. Za kwanza zaweza kuwa bora kwa fundi anayetafuta kasoro. Za pili ni bora kwake yeye.

Fikiria basi mtu aliyejinyima miezi mingi akanunua hedifoni za thamani. Usiku wa kwanza anazivaa, na moyo haupandi. Anajiambia kwamba sikio lake halijafundishwa. Huenda ni kweli, maana sikio hufundishika, na mazoea huleta utamu ambao haukuwapo mwanzo. Haki yake ni kungoja. Lakini wiki zikapita, na kila jioni mkono wake ukaenda wenyewe kwenye zile kuukuu, mkono huo umekwisha toa ushahidi. Wageni wakija, huvaa za ghali na kuzisifu. Wakiondoka, huzirudisha sandukuni. Fedha iliyopotea ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba amemkana shahidi wa pekee aliyekuwa naye, kwa kuona haya mbele ya tarakimu.

Haya ya namna hii haikai masikioni tu. Mtu aliyezoea kuuliza bei kabla ya kukiri alichosikia, kesho atauliza jina la mshairi kabla ya kukiri kama shairi limemgusa, na cheo cha msemaji kabla ya kupima neno lake. Atakuwa mjuzi wa thamani za watu wengine, na mgeni wa thamani zake mwenyewe.

Methali zile mbili, basi, hazina haja ya kugombana iwapo kila moja itakaa mahali pake. Rahisi ghali ni mshauri wa sokoni: humtaka mtu atazame mshono, waya na ahadi ya muuzaji. Kipendacho moyo ni dawa huanza kazi nyumbani, mlango ukiisha fungwa na wimbo ukianza. Hapo bei imekwisha lipwa na haina neno tena. Lililobaki ni la sikio.