Saa za Sabato

Fomu ilikuwa na safu tatu: tarehe, kazi iliyofanyika, idadi ya saa. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliiona mara ya kwanza Jinja, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya taksi, mikononi mwa mwanafunzi wa Kimarekani aliyekuwa njiani kwenda Mbale kwa mafunzo ya vitendo katika sinagogi. Kijana alikuwa akisomea taaluma za Kiyahudi. Chuo chake kilitaka saa zitimie na msimamizi atie sahihi, ndipo apewe krediti.

"Na Jumamosi utajaza nini?" mwandishi alimuuliza. Kijana akacheka, kisha akanyamaza.

Jinja imezoea vijana wa aina hiyo. Huja wakagawiwa mashirika, mashule na zahanati. Lakini sinagogi? Kwa wasioijua barabara ya Tirinyi, hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Waijuao wanafahamu kwamba kabla hata ya kufika Mbale, hapo Namutumba, wapo Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wanaosali kwa Kiebrania na Kiganda.

Chanzo chao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akajitangaza Myahudi. Mwaka uliofuata akafika mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yosefu, akakaa kama miezi sita akifundisha kalenda ya sikukuu na sheria za vyakula. Enzi hizo, basi, mgeni ndiye aliyekuwa mwalimu.

Idi Amin alipoipiga marufuku dini hiyo, waliobaki walisali kwa kificho, na wengi wakahamia Ukristo au Uislamu. Miaka ya themanini kundi la vijana lilirudi kwenye kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, na kuanza upya.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 1992 alikuja Matthew Meyer, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, naye alikuja kujifunza. (Leo ndiye gavana wa Delaware.) Habari, picha na nyimbo zikavuka bahari, mwaka 1995 ukafika ujumbe wa shirika la Kulanu. Baadaye Jeffrey Summit wa Chuo Kikuu cha Tufts alirekodi muziki wa Abayudaya. Albamu hiyo, iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003, iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Baada ya hapo hakuna profesa wa taaluma za Kiyahudi aliyehitaji kuelezwa Mbale iko wapi.

Makaratasi nayo yakazidi. Anayetaka kuwahoji watu kwa utafiti hana budi kupata kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Chuo kinadai mpango wa kujifunza, shajara, ripoti ya mwisho, na juu ya yote msimamizi mwenye sifa zinazotambulika. Hilo la mwisho lilikuwa mtihani. Mzee aliyehifadhi zaburi kichwani tangu siku za mafichoni ana elimu ya kutosha, ila hana cheti. Ofisi ya msajili hutaka cheti.

Mwaka 2008 Gershom Sizomu alihitimu shule ya marabi ya Ziegler, Los Angeles, baada ya miaka mitano ya masomo, akarudi Nabugoye. Kijana wa kilimani alikuwa ameifuata elimu ng'ambo; sasa wa ng'ambo wangeweza kumfuata yeye, na sahihi yake isingezua maswali.

Lakini suala la Jumamosi halikuisha. Kinachomleta mwanafunzi ni Sabato yenyewe, na Sabato haina kazi: haandiki, harekodi, hawashi simu. Nyimbo anazozitamani huimbwa saa ambazo kalamu imelazwa. Husikiliza, hula chakula kilichopikwa jana yake, huulizwa habari za mama yake, na usiku wa Jumamosi huketi kuandika anachokumbuka.

Mwandishi alikutana tena na yule kijana Jinja, akirudi kwao. Fomu ilikuwa imechakaa. Kwenye mstari wa Jumamosi, mzee aliyemkaribisha alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Alipumzika pamoja nasi. Saa 25." Ndivyo ilivyo, kutoka kabla ya jua la Ijumaa kuzama hadi nyota za Jumamosi usiku. Chuo kilikuwa kimeshatuma ujumbe kuuliza ni siku gani hiyo yenye saa 25.